Kikohozi cha Mwaloni: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,
na kwa wakurugenzi wa halmashauri zote, kuanzia Kakonko mpaka Uvinza.

YAH: WANAOKOHOA, WAKAAMBIWA HAWANA KIFUA KIKUU, WAKARUDISHWA NYUMBANI

Mwakeye, Daktari.

Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Nimeinama juu ya darubini miaka 34, mingi yake humu humu mkoani, tangu enzi za kuazima mwanga wa dirishani kwa kioo kidogo mpaka enzi za mashine zinazotoa majibu zenyewe. Mstaafu akishika kalamu kuiandikia serikali watu hudhani anadai mafao. Mafao nimeshapata. Nakuandikia habari ya kikohozi.

Nilikuwa na jirani, mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, mwalo ambapo mitumbwi hushusha samaki, wale wanaoingia ziwani jioni na taa na kurudi alfajiri. Mvua zilipokaribia kuisha alianza kukohoa. Akaenda kutibiwa, akatoa makohozi, mashine ikasema hana kifua kikuu. Akapewa vidonge vya kuua bakteria, akamaliza dozi, kikohozi kikabaki. Akarudi, akatoa makohozi tena, jibu lile lile. Mara ya tatu alikwenda kwingine, jibu halikubadilika. Karatasi zake tatu alizitunza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha shule. "Mzee, mimi sina TB, ninayo majibu matatu," aliniambia huku amejishika ubavu.

Safari hiyo ya tatu mtu alimsikiliza kifua, akasikia filimbi, akasema ni pumu. Akaandikiwa vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni. Siku nne za mwanzo alipona. Sisemi alipata nafuu, nasema alipona: alikula ugali wa muhogo na migebuka mpaka mkewe akacheka. Duka la dawa likamwongezea vidonge vingine bila cheti. Wiki ya pili tumbo likaanza kumkata, akawa anatapika, akihema kama mtu aliyekimbizwa, na makohozi yakaja na damu. Alilazwa siku tano. Karatasi ya mwisho iliandikwa nimonia.

Nikiwa makaburini, udongo ukiwa bado unatupwa, lilinijia jambo ambalo halijanitoka mpaka leo. Katika safari zote zile hakuna aliyemwomba choo kikapimwe. Hata mara moja. Sisemi minyoo ndiyo iliyomuua. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu hakuna aliyeangalia.

Wewe ni daktari, hunihitaji nikufundishe. Ila barua hii ni ya wazi, na wapo watakaouliza minyoo na mapafu ni wapi na wapi. Watu wengi hudhani mnyoo anaingia mdomoni, anakaa tumboni, yakaishia hapo. Sivyo. Ile mirefu ya tumboni, askarisi, yai lake likimezwa na maji au embe lisilooshwa, huanguliwa kwenye utumbo, na kitoto kinachotoka hakikai hapo. Hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, hupita ini, hufika mapafuni. Kule hukua kwa siku kadhaa, kisha hutambaa kupanda njia ya hewa mpaka kooni, mtu akakohoa na kukimeza bila kujua. Ndipo kinarudi tumboni kuwa mnyoo mzima. Safari yote hiyo ni kama mtu wa Ujiji anayetaka kwenda Mwanga ya hapa hapa Kigoma mjini akapitia Tabora.

Mwaka 1922 huko Japani daktari mmoja, Shimesu Koino, aliamua kumaliza ubishi. Alimeza mayai 2,000 ya askarisi mwenyewe, kwa makusudi. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa, kikohozi na kubanwa kifua, na alipotazama makohozi yake kwenye darubini akaviona vitoto vya minyoo vikicheza. Miaka 10 baadaye Wilhelm Löffler wa Uswisi akaeleza ugonjwa wa mapafu unaokuja na kuondoka, picha ya kifua ikiwa na mawingu yanayohama, na ndani ya damu chembe nyeupe za aina ya eosinofili zimejaa. Eosinofili ni zile zinazoshika rangi nyekundu ya chungwa tukipaka damu kwenye slaidi. Zinapenda minyoo kama polisi wa usalama barabarani wanavyopenda daladala iliyojaza.

Kitu kinachowaponyoka hata wenzangu wa maabara ni hiki: mtoto anapokohoa kwa ajili ya askarisi, choo chake kinaweza kuwa safi kabisa. Minyoo bado iko kifuani, haijakomaa, haijataga. Mayai yataonekana miezi miwili au zaidi baadaye, kikohozi kikiwa kimeshasahaulika. Kwa hiyo wa kusema ukweli siku hiyo ni damu, kwa kuhesabu eosinofili. Kwa mtoto wa Buzebazeba anayekohoa, filimbi kifuani, usiku halali, hesabu hiyo ingemwepusha na jina la pumu atakalobeba mpaka darasa la saba.

Minyoo ya safura ina njia yake. Haisubiri mdomo. Vitoto vyake vinakaa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, vinaingia kwa ngozi ya mguu. Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Misri mwishoni mwa karne ya 19, alijimwagia mkononi maji yenye vitoto hivyo, mkono ukamwasha, na baada ya wiki kadhaa akakuta mayai kwenye choo chake. Huyo hakukusudia, tofauti na yule Mjapani. Vitoto vya safura navyo hupita mapafuni, lakini kikohozi chake mara nyingi ni chepesi. Balaa la safura kwa pumzi linakuja baadaye, kwa damu. Nenda pale Kibirizi uwaangalie akina mama wanaobeba ndoo za dagaa. Yupo anayesimama mara tatu kabla hajamaliza mlima wa kwenda Mwanga, anashika kiuno, anavuta hewa kwa mdomo. Ataambiwa ana kifua. Mapafu yake yanaweza kuwa mazima, damu ndiyo iliyonyonywa kidogo kidogo miaka na miaka.

Sasa nifike kwa yule ninayemwogopa. Strongiloidi. Kwa macho ya kawaida ni uzi usioonekana, milimita mbili hivi. Naye huingia kwa ngozi na kupita mapafuni, lakini ana tabia ambayo mingine haina: watoto wake wanaweza kukomaa humo humo tumboni, wakatoboa utumbo au ngozi ya karibu na haja kubwa, wakaanza mzunguko upya bila kutoka nje. Askarisi akifa hana mrithi mpaka umeze yai jingine. Strongiloidi hujirithi mwenyewe. Walikutwa nao wanajeshi waliokuwa mateka kule Asia katika Vita ya Pili ya Dunia, miongo kadhaa baada ya kurudi kwao Uingereza na Australia, watu ambao hawajakanyaga udongo wa joto tangu ujana wao.

Kwa mtu mwenye afya, kinga ya mwili inamshika mnyoo huyu mkia. Mtu anawashwa kidogo, tumbo linauma kidogo, anakohoa mara moja moja, maisha yanaendelea. Mpe prednisoloni au ndugu yake deksamethasoni na umefungua mlango wa zizi. Kinga inashuka, minyoo inazaana kwa maelfu, inajaa mapafuni, inabeba bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu. Mgonjwa anahema, anakohoa damu, anatapika, na wengi wanaofikia hapo hufa. Mbaya zaidi, mwanzoni dawa hiyo humpa nafuu, maana inatuliza kifua na inaleta hamu ya kula. Ugali na migebuka.

Unaelewa sasa kwa nini nilisimama makaburini nikashindwa kutupa udongo.

Na vidonge hivyo haviandikwi na madaktari peke yao. Vinauzwa dukani kwa anayekohoa, kwa mwenye mafua, na kwa mabinti wanaotaka kunenepa kabla ya harusi. Hilo la mwisho nililisikia nikadhani ni utani, mpaka mpwa wangu akanionyesha pakiti.

Kichocho naweza kukipita haraka, kwa kuwa mkoa unakijua. Watu wanakijua kwa tumbo na damu kwenye choo. Ila kinapitia kifuani nacho, na mara nyingi anayepata kishindo ni mgeni. Aliwahi kuletwa maabara mwalimu kijana, amepangiwa kazi huku akitokea Dodoma, mwezi wake wa pili tu. Jua la saa sita alikuwa akiogelea kwenye ghuba yenye majani, kwa furaha ya mtu aliyekulia pakavu. Saa sita mchana ndiyo saa ambayo konokono humwaga vimelea majini, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Wiki tano baadaye: homa, kikohozi kikavu, mwili umevimba vipele. Malaria hana. Makohozi safi. Kwenye slaidi ya damu eosinofili zilikuwa nyingi kama dagaa siku ya giza. Wenyeji walioanza kuoga ziwani wangali watoto hawapati kishindo hicho. Kwao ni maradhi ya polepole, ini na wengu, na kwa baadhi yao mayai hukwama kwenye mishipa ya mapafu, moyo ukachoka kusukuma. Gombe hata nyani wana kichocho hicho hicho cha tumbo, basi tusijifanye ziwa ni maji ya chupa. Tena vimelea vichanga havifi kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Yule mwalimu ilibidi arudie dozi baada ya wiki kadhaa.

Nitaje na kaa, kwa kuwa nimeanza. Kameruni na Nijeria kuna mnyoo bapa anayekaa ndani ya pafu lenyewe, unampata kwa kula kaa wa mtoni asiyeiva. Mgonjwa anakohoa makohozi ya rangi ya kutu, anatibiwa kifua kikuu miezi sita, haponi, na dawa yake kumbe ni prazikwanteli ile ile ya kichocho. Tanganyika ina kaa wake wa pekee ambao hawapatikani ziwa jingine lolote. Sijawahi kuona yai la mnyoo huyo kwenye slaidi yangu. Lakini pia sikuwahi kulitafuta.

Na hilo linanileta kwenye kosa ambalo si lako wala si la mtu mmoja.

Zamani kila mwenye homa alichomwa kidole, tone likapakwa kwenye slaidi, likapigwa rangi, likatazamwa. Tulikuwa tunatafuta malaria, na Kigoma malaria haikuwa ya kutafuta kwa tochi. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliwakuta nayo karibu mtoto 1 kati ya 4 wa mkoa huu. Lakini jicho likiwa pale kwenye slaidi linaona na mengine. Unaona seli nyekundu zimepauka, unasema huyu safura. Unaona eosinofili nane kwenye uwanja mmoja, unaandika pembeni kwa kalamu: "Apime choo." Makohozi vivyo hivyo. Tulitafuta bakteria wa kifua kikuu, na siku nyingine kikapita kitu kinachojipinda.

Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, mistari miwili dakika 15 au 20, na ikaja GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, na inatoa jibu la kifua kikuu pamoja na usugu wa dawa ndani ya saa mbili hivi. Nisieleweke vibaya. Tanzania imo kwenye nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na mashine hiyo imeokoa watu ambao jicho langu lilikuwa linawakosa. Nimewaona. Wala simwambii mtu aache kupima kifua kikuu akamiminiwe dawa za minyoo, maana vyote viwili hukaa kwenye kifua kimoja bila kugombana. Nasema mashine inajibu swali moja ililoulizwa. Hata panya buku wa Morogoro, wale mabingwa waliofundishwa kunusa makohozi pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), wamefundishwa kunusa kifua kikuu tu. Ukiuliza "Je, ni kifua kikuu?" ikasema hapana, maana yake ni hapana kwa hilo. Sisi tumeigeuza ikawa "Huna kitu." Na wengi wa wanaopimwa makohozi jibu lao ni hapana. Hao wote wanakohoa. Wanakwenda wapi?

Nikiri na langu, nisije nikaonekana malaika mwenye koti jeupe. Choo tulikipima vibaya. Siku ya kliniki una sampuli 60, msaidizi mmoja, na umeme unaokatika. Unachukua chembe ya choo, tone la maji ya chumvi, unatazama dakika mbili, unaandika hakuna kilichoonekana. Kwa askarisi inatosha, maana jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, atajificha wapi? Kwa strongiloidi ni kazi bure. Hata mayai yake huanguliwa kabla hayajatoka, choo kinabeba vitoto vichache, leo vipo kesho havipo. Maneno "hakuna kilichoonekana" nimeyaandika mara elfu. Sijui mara ngapi yalikuwa ya kweli.

Sasa ninachoomba.

Cha kwanza hakina gharama hata ya chaki. Toa waraka kwamba mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, makohozi yakasema hana kifua kikuu, asirudishwe nyumbani kabla hajaulizwa swali la pili. Unafanya kazi wapi? Unavaa nini miguuni? Mwaloni kwenu mnajisaidia wapi? Uliingia ziwani au kwenye majaruba ya Luiche lini mara ya mwisho? Ngozi iliwasha? Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wao jumuishi Januari 2024, wanaweza kuuliza maswali hayo mlangoni kwa mtu, kwa Kiha au kwa Kiswahili cha Ujiji. Najua moshi wa kuni unakohoza, najua sigara, najua moyo. Nao wataibuka katika maswali hayo hayo.

Cha pili, rudisha jicho kwa huyo mgonjwa mmoja. Slaidi moja ya damu, ihesabiwe chembe nyeupe 100 na eosinofili zitajwe. Vituo vyenye mashine ya kuhesabu damu, karatasi inazo tayari, iko mstari wa chini ambao hakuna anayeusoma. Na choo kipimwe kwa funeli. Njia hiyo inaitwa Baermann na ni rahisi kuliko kupika chai: funeli, mpira uliobanwa chini, chachi, maji ya vuguvugu, unaweka choo juu ya chachi kiguse maji, unaacha saa kadhaa. Vitoto vya strongiloidi hupenda joto, hutoka vyenyewe kuingia majini na kuzama. Unafungua mpira, unachukua matone ya chini, unatazama. Sharti choo kiwe kibichi, kisiwekwe kwenye friji, maana vikifa havitambai. Funeli nimenunua sokoni Mwanga shilingi 1,500, na muuzaji aliniuliza kama nauza mafuta ya taa.

Cha tatu ni prednisoloni. Kabla mtu wa mwaloni au wa jaruba hajapewa vidonge hivyo kwa siku nyingi, apimwe, na kama kipimo hakipo apewe kwanza ivermektini, dawa ya minyoo. Najua wapo wanaobanwa na pumu ya kweli ambao saa moja ni nyingi. Hao wapewe, wasicheleweshwe, na wafuatiliwe. Albendazoli ya kumeza mara moja tunayowapa watoto haimwezi strongiloidi. Ivermektini inamweza, na si dawa ya kuagizwa mwezini: kule Mahenge, Morogoro, watu wanaimeza bure miaka mingi kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaopofusha. Naomba iwepo hata kwenye vituo vya afya vya pembeni ya ziwa. Angalizo moja tu la mzee: kwa ndugu zetu wanaotoka misitu ya Kongo iulizwe habari ya loa, yule mnyoo wa jichoni, na damu itazamwe mchana, maana akiwa amejaa kwenye damu ivermektini huweza kudhuru ubongo. Na maduka ya dawa yakaguliwe. Hilo halihitaji aya ndefu.

Cha nne, kingatiba. Watoto wa shule wanapewa za kichocho na minyoo, na nawapongeza walimu, maana kumeza prazikwanteli asubuhi bila uji ni adhabu. Lakini kijana akimaliza shule akaingia mtumbwini, mkono wa serikali unamwachia pale pale anapoanza kukaa majini siku nzima. Mama anayeosha dagaa miguu peku hakuwahi kuwa mwanafunzi wa mtu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake Februari 2022: penye kichocho cha kutosha, dawa wapewe watu wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Sisi Katonga tunasubiri nini?

Wakati mwingine nawaza kambi ya Nyarugusu. Mkimbizi aliyepata bahati ya kuhamia Marekani, kabla mpango wao haujasimamishwa Januari 2025, alipewa dawa za minyoo na kichocho kabla hajapanda ndege. Anayebaki Kasulu, mkimbizi au mwenyeji, anabaki na vyake. Hao Wamarekani hawakufanya hisani, walifanya hesabu: ni nafuu kumtibu kila mmoja kuliko kuwapima wote au kumlaza mmoja wodi ya mahututi. Hesabu hiyo haibadiliki ukiiandika kwa shilingi.

Na vyoo, wakurugenzi. Nimewaachia ninyi kwa makusudi, maana hili si la daktari. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliingia nyumba za ufukweni na mashimo ya vyoo yakafumuka. Kila kilichokuwa ndani kikasambaa kwenye mchanga ambao watu wanautembea bila viatu na watoto wanauchezea. Yai la askarisi huvumilia udongoni kwa miaka. Ushuru wa dagaa unakusanywa kila asubuhi, mashine ya risiti inalia, nami nimesimama pale nikitafuta choo nikaonyeshwa kichaka. Dagaa wenyewe tumeanza kuwapandisha juu ya chanja ili wasiguse mchanga. Dagaa. Anayewaanika bado yuko peku.

Msiniambie haiwezekani kuwakusanya wavuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wapumzike. Mikutano ilifanyika mwalo kwa mwalo, kila nahodha alijulikana kwa jina na mtumbwi wake. Miezi 3 wavuvi wote walikuwa nchi kavu, wamekaa vijiweni wanacheza bao, na hakuna aliyepita na kikombe cha maji na dawa. Ziwa likifungwa tena, orodha ile ile ya vikundi vya usimamizi wa uvuvi inatosha kuwa daftari la kingatiba. Nawaomba tarehe zenu na za idara ya uvuvi zikae meza moja kabla ya hapo.

Daktari, mjane wa jirani yangu sasa anaosha dagaa za watu. Juzi alikuja kwangu kuomba dawa ya kikohozi. Nilimwambia sina duka, ninayo darubini yangu ya zamani, ile ya kioo cha dirishani, niliinunua maabara yetu ilipobadilisha vifaa. Alileta choo chake kwenye kopo la majarini, amekifunika vizuri kwa kitambaa. Saa sita nikafungua mpira wa funeli, nikachukua matone mawili. Vilikuwa vinne, vinajipinda kwa haraka kama nyuzi zilizoshtuliwa. Nimempa rufaa kwa mkono wangu, na nimeandika kwa herufi kubwa asipewe prednisoloni. Sijui kama itasomwa.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi yako. Nitakuja na funeli, mpira, chachi na hiyo darubini. Nahitaji meza iliyo karibu na dirisha, maji ya vuguvugu, vijana wako wawili wa maabara, na choo kibichi cha mtu yeyote anayekohoa ambaye mashine imesema hana kitu.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Gungu, Kigoma.

Nakala: Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Wizara ya Afya, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele, viongozi wa mialo ya Kibirizi na Katonga, wabandike ukutani penye kivuli.